Ndoo Nne za Usiku wa Kuamkia Jumatatu

Mama mmoja muuza dagaa aliiweka risiti juu ya meza ya karani, kisha akaigeuza inielekee mimi. Karani alikwisha kuisoma mara mbili, na jibu lake lilikuwa lile lile.

Dagaa, ndoo nne. Jumapili, 23:15.

“Mwanangu,” akaniambia, “hiyo saa tano usiku mimi nilikuwa bado nimekaa mchangani, nasubiri mtumbwi. Dagaa wangu wamepimwa saa nane na robo. Usiku wa kuamkia Jumatatu.”

Siku hiyo niliitwa pale mwaloni, mitumbwi inapofikia na kushusha dagaa, kwa sababu ya mashine ya kuchapa risiti, iliyokuwa ikitafuna karatasi. Habari ya saa haikunihusu. Nikamjibu kwa adabu, ila kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza kazi yake: “Mama, kompyuta inahesabu saa za Kizungu. Hapo ndipo mnapopishana.”

“Ishirini na tatu yao ni saa tano yetu. Hilo nalijua. Nimeanza kuuza dagaa hujazaliwa.”

Akaikunja risiti, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaondoka.

Pale bei ya kila siku hubandikwa mlangoni jioni ya kuamkia siku hiyo, na programu huzidisha ndoo kwa bei ya tarehe iliyoandikwa. Bei ya Jumatatu ilikuwa imepanda shilingi 1,500 kwa ndoo. Yeye alilipwa ya Jumapili. Ndoo nne, shilingi 6,000.

Nilitengeneza ile mashine, nikalipwa, nikarudi mjini. Risiti ile ilinifuata wiki tatu.

## Tatu, si sita

Kila mwenye Kiswahili anajua hesabu ya sita. Simu ikiandika 08:00, mdomo unasema saa mbili. Tunaigeuza bila kufikiri, na mara chache inapotuponyoka mtu hukosa basi au kikao. Ndiyo maana nilikuwa na jibu tayari kabla mama hajamaliza kusema.

Jioni moja nikiwa Kirumba, Mwanza, nasikiliza redio, mtangazaji akasema mechi itaanza saa nne usiku, saa za Afrika Mashariki. Maneno ninayoyasikia kila wiki. Safari hii yakanishika.

Saa za Afrika Mashariki. Kwa nini anahitaji kuzitaja?

Kwa sababu huko mechi inakochezwa saa ni nyingine. Nikachukua kalamu, nikaandika nyuma ya bahasha kile nilichopaswa kukiandika siku ile mezani kwa karani. Mama anasema saa nane na robo usiku. Kompyuta inasema saa tano na robo usiku.

Kati yake ni masaa matatu.

(Wenye kulinda sarufi watanivumilia na hayo “masaa”. Katika makala hii nalazimika kutenganisha saa tatu, wakati watu wanaingia ofisini, na masaa matatu, urefu wa muda.)

Kama mama angekuwa amechanganya saa za Kiswahili na za Kizungu, tofauti ingekuwa sita. Haiwezi kuwa tatu. Hakuna namna ya kukosea Kiswahili ikakupa tatu. Tatu ni umbali wetu na saa ya kimataifa, ile inayoitwa UTC, ambayo kompyuta nyingi za kazi huanza nayo zinaposakinishwa ikiwa hakuna aliyeziambia ziko wapi.

Nililala vibaya. Nilikuwa nimemsahihisha mtu aliyekuwa sahihi, mbele ya karani, na kwa umri angeweza kunizaa.

## Dirisha jeusi

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mwaloni kabla ya wengine. Nikafungua teminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika neno moja:

`timedatectl`

Kwenye kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux amri hiyo huonyesha mambo yote ya saa kwa pamoja: saa ya hapa, saa ya kimataifa, saa inayotunzwa na betri ndogo ndani ya mashine, na ukanda wa saa. Saa ya hapa na ya kimataifa zilikuwa zinafanana mpaka sekunde. Kwenye mstari wa ukanda paliandikwa Etc/UTC.

Nataka hapa tusimame kidogo, maana kwa miaka mingi hata mimi fundi nililichukulia jambo hili kijuujuu. Ndani kabisa kompyuta ya namna hii haijui saa nane wala saa tano. Inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, usiku wa manane kwa saa ya kimataifa. Hesabu hiyo ni moja, iwe mashine iko Ukerewe au London. Ukanda wa saa unakuja baadaye kabisa, pale namba ile inapotakiwa kuwa maneno ya kusomwa na binadamu. Ndipo kompyuta inapouliza: mtu huyu yuko wapi?

Mashine ile ilikuwa inahesabu sekunde vizuri sana. Saa yake ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mahali.

Nikatafuta mahali petu:

`timedatectl list-timezones | grep Africa`

Mwanza haimo, na sikuitarajia. Majina hayo hutoka kwenye hifadhidata moja ambayo karibu kompyuta na simu zote duniani huitumia. Arthur David Olson ndiye aliyeianzisha, Paul Eggert ndiye mtunzaji wake, na tangu 2011 iko chini ya IANA, chombo kinachosimamia majina na namba za intaneti. Eneo lenye historia moja ya saa hupewa jina la mji wake wenye watu wengi zaidi. Kwetu ni Dar es Salaam.

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Mashine haikujibu kitu, na kwa amri za namna hii kimya ni dalili njema. Nikaandika `date`, na ile saa ikaruka masaa matatu mbele, na pembeni yake herufi EAT, kifupi cha Kiingereza cha saa za Afrika Mashariki.

Kilichobadilika ndani ni kidogo mno. Kuna faili liitwalo `/etc/localtime`, ambalo kwa kawaida si faili kamili bali kiungo kinachoelekeza kwenye faili la ukanda wako. Amri ile iliondoa kiungo cha zamani ikaweka kipya. Hesabu ya sekunde haikuguswa. (Kwa mwenye Windows, amri ni `tzutil /s "E. Africa Standard Time"`, kwa Mac ni `sudo systemsetup -settimezone Africa/Dar_es_Salaam`.)

Programu zilizokuwa zikifanya kazi tayari zinaweza kuendelea na ukanda wa zamani mpaka zizimwe na kuwashwa. Nikaiwasha upya programu ya mizani, na cron pia, yule mtumishi wa ndani anayefanya kazi kwa ratiba. Yeye alikuwa amepangiwa kunakili kumbukumbu saa tisa usiku, na kumbe siku zote alikuwa akinakili saa kumi na mbili asubuhi, wakati foleni ya ndoo imefika nje. Karani alikuwa akilalamika kila siku kwamba mashine inakuwa nzito alfajiri. Hakuna aliyemsikiliza, na mimi nilikuwa mmoja wao.

## Mkono wa kijana

Nilidhani nimemaliza. Ningeongeza masaa matatu kwenye kila mstari wa nyuma, wale waliopimwa kati ya saa sita na saa tisa usiku wangerudi kwenye tarehe zao, hesabu ingefungwa.

Karani alikuwa amesimama nyuma yangu. Kijana mpole, anajua kazi yake.

“Kaka,” akasema, “mimi niliona kwamba saa iko nyuma. Nikawa naisogeza.”

“Unaisogeza vipi?”

“Kwa mkono. Nikiingia zamu, naisogeza masaa matatu mbele. Lakini ikishapata bando inarudi yenyewe. Nikachoka.”

Nilimwelewa, na nikamheshimu. Alikuwa mtu pekee pale aliyeona kasoro na kujaribu kuitibu, akiwa na chombo kimoja tu alichopewa. Kusogeza saa ni kugusa hesabu yenyewe ya sekunde. Kompyuta ikipata intaneti huuliza mashine nyingine saa sahihi ya kimataifa, inakuta yake imekwenda mbele, inajirekebisha. Kijana anasema kweli, kwamba hapa ni saa nane. Mashine nayo inasema kweli, kwamba kwa UTC ni saa tano. Wakashindana hivyo usiku baada ya usiku.

Maana yake ni kwamba katika kumbukumbu za miezi miwili kulikuwa na mistari iliyo nyuma masaa matatu na mistari iliyo sawa, imechanganyika, na haina alama ya kuitambulisha. Programu ilikuwa ikiandika tarehe na saa kama maneno matupu, bila kusema ni saa za wapi. Kama ningeongeza masaa matatu kila mahali, ningewapa wengine haki na kuwapokonya wengine.

## Saa ya ukutani ya Tokyo

Nieleze jambo lililonitokea usiku ule, ingawa kwa kazi ya siku ile halikuwa la lazima.

Katika kupekua orodha nilikuta jina Etc/GMT+3. Nikafikiri, si ndiyo sisi? Masaa matatu mbele ya Greenwich. Nikalijaribu kwa amri moja tu, bila kubadili mashine nzima:

`TZ=Etc/GMT+3 date`

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi usiku, yaani 20:10. Kompyuta ikaandika 14:10.

Katika majina hayo ya Etc alama imegeuzwa, kwa desturi ya zamani ya mifumo hii: kujumlisha maana yake ni magharibi ya Greenwich. Kwa hiyo GMT+3 ni masaa matatu nyuma, saa za Buenos Aires kule Argentina. Wengi wameanguka hapo.

Lakini itazame tena ile 14:10. Ukiisoma kwenye saa ya mishale, ni mbili na dakika kumi.

Ni saa ya Kiswahili.

Tatu mbele kwetu, tatu nyuma kwao, jumla sita. Kosa la alama moja lilinipa kompyuta inayosema kama bibi yangu. Nikageuza upande wa pili, masaa tisa mbele ya Greenwich, zilipo saa za Tokyo, na ikawa vile vile. Saa ya mishale iliyotundikwa ukutani Tokyo, muda wowote, inasoma saa ya Kiswahili ya Mwanza. Kwetu jua linachomoza tunasema saa moja asubuhi, kwao mishale iko kwenye moja ya mchana.

Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe. Umri wangu wote nimeambiwa kwamba saa yetu ni “ya kugeuza”, kwamba ile halisi ni ya kwenye mashine na hii ya midomoni ni mazoea. Kumbe mashine inaweza kuisema bila taabu. Inataka tu kuambiwa.

Basi kwa nini nisiiweke hivyo, wote tusome tunavyosema?

Nikarudi ndani na zile ndoo nne. Usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nane na robo, kwa saa za Buenos Aires ingeandikwa saa nane na robo, sawasawa kabisa na kauli ya mama, ila siku ingekuwa Jumapili. Kule tarehe hugeuka wakati kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Wavuvi wote wa dagaa, ambao kazi yao ni gizani na ambao mbalamwezi ikiwaka hukaa nyumbani, wangeandikwa siku ya jana. Kosa lile lile, tena kubwa mara mbili.

Kwa Tokyo tarehe hugeuka wakati kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Saa nane na robo ile ingeandikwa Jumatatu.

Na hivyo ndivyo wazee wanavyohesabu. Usiku unatangulia mchana wake. Mama hakusema “Jumapili usiku” wala hakusema “Jumatatu”. Alisema usiku wa kuamkia Jumatatu, na katika maneno hayo manne hakuna mlango wa kosa. Ile 23:15 yetu ilikuwa na milango miwili.

## Jua la Mwanza

Kabla hujaniambia kwamba saa za Afrika Mashariki ndiyo saa halisi na hizi nyingine ni michezo, tazama jua.

Mwanza iko karibu nyuzi 33 mashariki. Kwa mwendo wa jua, kwa wastani, tuko mbele ya Greenwich kwa masaa mawili na dakika 12 hivi. Sisi tumekubaliana kuwa mbele kwa masaa matatu. Saa sita kamili mchana, jua la Mwanza bado linahitaji kama dakika 48 kufika katikati. Dar es Salaam linawahi kuliko kwetu kwa dakika 25 hivi. Upande wa pili, ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, unarudisha saa nyuma kwa saa zima, na jua ni lile lile.

Makubaliano hayo nayo yamewahi kubadilika. Hifadhidata ile ina kumbukumbu kwamba kuanzia 1948 hadi 1961 saa za Tanganyika zilikuwa masaa mawili na dakika 45 mbele ya Greenwich. Siku TANU inaanzishwa, Julai 7, 1954, saa za nchi zilikuwa na robo saa pungufu ya hizi za leo. Siku hizi katika faili kuu historia hiyo ya Dar es Salaam haipo tena. Jina limebaki kama kiungo kinachoelekeza Nairobi, kwa kanuni kwamba sehemu ambazo saa zake hazijatofautiana tangu 1970 hushirikiana faili moja. Historia imehamishiwa faili la pembeni, na ni baadhi ya mifumo tu inayoisoma.

Sina ugomvi na kanuni hiyo. Lakini ilinigusa kuona kwamba hata Dar es Salaam, ambayo sisi wa ziwani tunaitumia jina lake, nayo inaelekezwa kwingine.

## Daftari

Nilimtafuta mama nikampata kwenye vichanja vya kuanikia. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, kisha nikamwambia kwa Kiswahili kwamba siku ile alikuwa amesema kweli na mimi nilikosea, na kwamba kosa langu ni kubwa kuliko la kompyuta kwa sababu mimi nilikuwa na masikio.

“Najua, mwanangu,” akasema. “Una daftari?”

Nikasema ninazo kumbukumbu za kompyuta.

“Nimeuliza daftari.”

Alikuwa nalo lake. Kila usiku, ndoo ngapi, mtumbwi wa nani, saa ngapi. Na wenzake watano walikuwa na ya kwao. Tukaongeza kitu cha pili: pale mwaloni wabebaji hulipwa papo hapo kwa simu mzigo ukishapimwa, na kila ujumbe wa pesa unabaki na saa yake, saa za Afrika Mashariki, bila mkono wa mtu. Karani alikuwa nazo zote kwenye simu yake.

Tulikaa siku nne, mimi, karani na mama, tukilinganisha mstari kwa mstari. Mstari wa kompyuta ukiwa nyuma ya ujumbe kwa masaa matatu, tunausogeza. Ukiwa sawa, tunauacha. Mama ndiye aliyegundua utaratibu: zamu za Jumanne na Alhamisi zilikuwa sawa mara nyingi kuliko nyingine, kwa sababu siku hizo bando lilikuwa limekwisha na hakuna aliyemnyang'anya kijana saa yake.

Tajiri, anayelipia ndoo hizo, mwanzoni hakutaka kurudisha pesa. “Ukimrudishia mmoja watakuja wote.” Nikamwambia wote wamo kwenye orodha tayari, na kwamba wapo pia waliolipwa zaidi kwa kosa lile lile, maana kuna usiku bei ilishuka. Hao wa pili hatukuwadai. Hilo lilikuwa sharti la mama, na tajiri alikubali baada ya kulitafakari mpaka chai yake ikapoa.

## Mstari wa pili

Ukanda niliuacha Africa/Dar_es_Salaam. Benki, kodi na simu zetu ziko hapo, na kitabu cha hesabu hakiwezi kuwa na nchi yake peke yake. Nilichobadilisha ni kwamba sasa kila kumbukumbu inaandikwa na umbali wake kutoka saa ya kimataifa, +03:00 mwishoni, ili hata mashine ikihamishwa au ikikosewa tena, mstari wenyewe ujieleze.

Kwenye risiti nikaongeza mstari wa pili, kwa maneno. Kompyuta inachukua sekunde zile zile, inazisoma kwa amri ya `TZ=SAA-9` (alama ni ile iliyogeuzwa, kwa hiyo ni masaa tisa mbele, kama Tokyo), inapata saa na siku kama wazee wanavyohesabu. Namba ikiwa chini ya kumi na mbili, ni usiku. Ikifika hapo au kuzidi, ni mchana. Sikuhitaji kujumlisha wala kutoa sita popote.

Risiti ya kwanza ilitoka usiku, dagaa ndoo tatu, si za yule mama bali za binti mmoja wa Ukerewe. Juu: Jumatano, 02:40. Chini yake: saa 8:40, usiku wa kuamkia Jumatano. Aliisoma kwa taa ya simu, akaichomeka kwenye daftari lake.

Imebaki mistari 11. Haina ujumbe wa simu, haimo kwenye daftari la mtu yeyote, na kila mmoja uko kati ya saa sita na saa tisa usiku kwa hesabu moja, au kabla yake kwa hesabu nyingine. Nimeandika pembeni ya kila mmoja “saa haijathibitishwa” na nimependekeza ilipwe kwa bei iliyo juu. Tajiri amesema tukae Jumamosi. Mama amesema atakuja na daftari la marehemu shemeji yake, kwamba huenda usiku wa mitumbwi miwili upo mle.